Saba Saba ni Jumatatu: wenye maduka tao, mnafungua ama mnafunga?

Kava_na_Chaja – Alhamisi 3 Julai 2025, 22:14

Wasee habari zenu. Najua humu kuna watu wengi wanafanya biashara tao kwa hivyo wacha niulize mapema kabla wikendi haijaisha.

Niko na kaduka Luthuli hapa Nairobi tao, ndani ya jengo, ghorofa ya kwanza. Si duka lote ni langu, ni kale kachumba kamegawanywa mara nne kila mtu na kioo chake na meza yake, nauza kava, chaja, protekta, iafoni na natengeneza simu kidogo. Ile Jumatano ya maandamano, 25 Juni, nilifungua asubuhi nikafunga saa tano hivi, keateka alipita akisema kila mtu ajipange, nikatia simu za wateja kwa begi nikaacha hiyo stoki nyingine yote ndani. Ghorofa yetu haikufikiwa, Mungu ni nani. Lakini jirani wa chini, yule wa spika na redio za gari, walimaliza. Namaanisha WALIMALIZA, mpaka lile bango lake la bei, sijui mtu anaenda kufanyia nini bango la bei. Alhamisi asubuhi nilimpata ameketi kwa ngazi ameshika kufuli zilizokatwa, na hakuwa analia, alikuwa anacheka, na hiyo ndiyo iliniogopesha kabisa.

Sasa Jumatatu ni tarehe 7, Saba Saba, na watu wanatoka tena kuandamana. Shida yangu ni kwamba Jumatatu ndio siku yangu, wale wa kutoka Thika, Machakos na mitaani huku wanakuja kujaza mzigo wa wiki, nikifunga Jumatatu ni kama nimefunga siku tatu. Na stoki iliyo ndani si yangu yote, 80,000 ni ya chama na mwezi huu ni lazima nianze kurudisha. Mwenye jengo naye ametuma meseji ya kodi kwa kila mtu, tarehe 5 kama kawaida, hakuna neno moja kuhusu yaliyotokea wala pole kwa jirani.

Na kuna hii kitu ingine ambayo sijui niiseme vipi. Mwaka jana mimi mwenyewe nilikuwa barabarani. Tarehe 18 Juni na tarehe 20 nilifunga saa nne nikatoka na wengine, ule mswada wa fedha ulikuwa umenikaa kooni, mkate kutiwa VAT ya 16%, gari kutozwa 2.5% ya bei yake kila mwaka, mafuta ya kupikia nayo. Sikuwa nimewahi kuona watoto wa watu wakifukuzwa na makarao mpaka Moi Avenue halafu wanarudi wanaimba, simu hewani, wengine wamebeba maji. Upande wetu sikuona hata kioo kimoja kikivunjwa siku hizo mbili. Walioandamana walinunua maji na power bank kwangu, nikiwa mkweli niliuza kuliko Krismasi. Sasa nikikaa nikipiga hesabu ya kufuli najiona kama mnafiki fulani.

Swali langu basi: mnafungua ama mnafunga? Mkifunga mnapeleka stoki wapi? Na kuna mtu yeyote hapa amewahi kulipwa na bima? Tafadhali msinitukane, nimeuliza tu.

---

Rola_Shata – Alhamisi, 22:51

Mimi niko River Road mwaka wa 18 sasa. Nimeona za 2007, nimeona za 2017, nimeona zile za sufuria 2023, nimeona hizi za watoto. Wacha nikwambie vile siku huenda. Asubuhi mpaka saa sita ni ya waandamanaji. Saa sita mpaka saa tisa ni ya polisi. Kuanzia saa tisa ni ya wezi. Ukijua hiyo ratiba hautauliza ufungue ama ufunge, utauliza ufungue mpaka saa ngapi.

Mimi nafungua nusu. Mlango mdogo, shata imeshuka mpaka magotini, nahudumia wateja ninaowajua, saa tano niko nje. Hiyo 25 ya juzi waliofagiwa wengi ni wale walisema wacha niuze mpaka saa kumi juu watu ni wengi. Saa kumi hao watu si wale wa asubuhi bro. Wa asubuhi wana bendera na vipaza sauti, wa saa kumi wana magunia. Nani anakuja kuandamana na gunia?

Kuhusu stoki. Usihamishe Jumapili jioni na boda, vijana wa steji wanaona nani ametoa nini na nani amebakisha nini. Hamisha pole pole kuanzia kesho, begi moja moja kama mtu anaenda nyumbani na nguo chafu. Vitu vya bei kubwa peke yake, kava za mia mia ziache. Halafu kabati za kioo ziache WAZI na tupu, usifunge na funguo, kwa sababu mtu akipata imefungwa anavunja kioo na kioo ni ghali kuliko kilichokuwa ndani. Droo ya pesa ivute kabisa uiweke juu ya meza waone haina kitu. Niliambiwa hiyo na mhindi mmoja wa Biashara Street miaka mingi na sijawahi kujuta.

Soja mpe pesa ya lanchi lakini usimpe matumaini. Mzee mmoja na rungu hawezi kuzuia watu hamsini, ukimwambia "linda" unamwambia akufe.

---

Mtoto_wa_Rongai – Alhamisi, 23:20

Sitakutusi lakini nitakwambia ukweli. Kila mwaka ni hii story, biashara biashara, stoki stoki. Tarehe 25 juzi tulienda kukumbuka waliouliwa mwaka jana, tukabeba maua na bendera, tume ya haki za binadamu KNCHR imehesabu wengine 19 wamekufa hiyo siku MOJA. Serikali ikaamuru TV na redio ziache kuonyesha moja kwa moja na stesheni zingine zikazimwa mitambo mpaka korti ikaingilia. Kesho yake waziri wa usalama akasimama akasema polisi wapige risasi mtu yeyote akikaribia kituo cha polisi. Na wiki moja kabla, tarehe 17, si mliona wahuni wakiletwa na pikipiki wana viboko na rungu wanapiga waandamanaji na polisi wanatembea kando yao? Hao ndio wanaiba kwa maduka yenu halafu mnatuuliza sisi.

Na sasa kuna mswada unataka tusikaribie bunge, ikulu na korti mita 100. Mita 100! Sasa tuandamane wapi, Arboretum tukiangalia nyani?

Funga duka uje. Deni la chama litalipwa. Aliyepigwa risasi harudi.

---

Kava_na_Chaja – Alhamisi, 23:34

@Mtoto_wa_Rongai sijasema nyinyi ndio mliiba, soma tena. Nimesema kabisa kwamba 2024 nilikuwa huko na sikuona wizi. Lakini jirani yangu wa spika hana mswada wala mita 100, ana watoto watatu na rafu tupu. Wewe unaishi kwa mzazi? Siulizi kwa ubaya. Kodi yangu tu ndio inajua kuhesabu tarehe.

@Rola_Shata asante sana hiyo ya kabati wazi sikuwa nimewahi kuisikia. Kesho naanza na begi.

---

Nasi_wa_Zamu – Ijumaa 4 Julai, 06:40

Nimetoka zamu ya usiku nimesoma hii nikiwa kwa matatu, wacha niandike kabla nilale.

Mimi ni nesi na nimejitolea siku za maandamano mara nne sasa. Tarehe 25 Juni 2024, ile siku wabunge walipitisha mswada na watu wakaingia bunge, mimi nilikuwa na begi la bandeji na glavu tu. Mchana Msikiti wa Jamia ulikuwa umefunguliwa tukawa tunahudumia watu ndani, Wakristo, Waislamu, wasio na dini, viatu vimerundikana mlangoni na damu kwa zulia. Lakini kabla sijafika hapo nilikuwa nimekwama kwa barabara moja karibu na Archives, gesi imejaa, msichana mmoja wa pumu amenishikilia mkono hawezi kuvuta pumzi, na kila mlango tuliogonga umefungwa. Kila mlango! Naskia watu ndani wanakohoa lakini hawafungui. Naelewa, kweli naelewa. Halafu mama mmoja wa duka la wigi akainua shata kidogo hivi, kama vile Rola anasema mpaka magotini, tukaingia tukitambaa. Tulikuwa watu kama kumi na mmoja chini ya vichwa vya plastiki vyenye nywele. Akatupa maji ya kuosha macho kwa jagi ya chai. Yule msichana alipata nafuu. Huyo mama simjui jina, nimewahi kurudi kumtafuta nikapata hapo sasa kunauzwa viatu.

Kwa hivyo mimi siwezi kukwambia funga kabisa ama fungua kabisa. Nakuambia tu ukiwa ndani na shata iko chini na mtu agonge anakohoa, ujue anayeiba huwa hagongi.

Na mkiwa huko ndani: maji safi mengi, osha macho kutoka upande wa pua ukienda nje, usisugue. Msipake vaselini wala mafuta usoni, gesi inashika kwa mafuta inakaa. Ile maneno ya dawa ya meno chini ya macho wacheni kabisa. Toa shati la juu uliloshikwa nalo na gesi, usilale nalo. Na kama chumba chenu hakina dirisha, kama hivyo vyumba vya Luthuli ninavyovijua, msijifungie watu ishirini ndani juu mkebe mmoja wa gesi ukirushwa kwa korido mtaumia kuliko wa nje. Wekeni njia ya pili ya kutoka ijulikane na kila mtu.

---

Mzee_wa_Bahati – Ijumaa, 09:15

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu ndiye ananisaidia kuandika.

Saba Saba ya kwanza, mwaka wa 1990, ilianguka siku ya Jumamosi. Mimi nilikuwa na banda la kushona viatu nyuma ya OTC. Wanasiasa Matiba na Rubia walikuwa wameitisha mkutano Kamukunji kudai vyama vingi, siku tatu kabla wakashikwa wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa, serikali ikasema hakuna mkutano. Watu wakaenda tu. Ukisimama kando ya barabara ulikuwa unaona matatu zinapita zinapiga honi na vijana wanatoa vidole viwili nje ya dirisha, alama ya vyama viwili, na hiyo tu vidole viwili ilikuwa inaweza kukufanya ulale ndani. Mimi nilifunga banda nikiwa na viatu vya wateja saba. Fujo haikuisha siku hiyo, ilienda siku kadhaa na ikatoka Nairobi ikaenda miji mingine. Niliporudi banda halikuwepo, mbao zote zilikuwa zimechukuliwa, nafikiri zilichomwa barabarani.

Vile viatu saba nililipa. Ilinichukua mpaka mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na mbili, na nakumbuka kwa sababu ndio mwezi kile kifungu cha 2A, cha chama kimoja tu, kiliondolewa kwa katiba tukarudi vyama vingi. Mteja wa mwisho nilimlipa wiki hiyo. Akaniambia Mzee, kiatu changu kimeleta demokrasia, nikamwambia basi nirudishie pesa yangu. Hakurudisha.

Kijana wa kava, toa vitu vya WATEJA kwanza. Vyako ni hasara, vya wateja ni deni na ni jina.

---

Wakala_Bima – Ijumaa, 11:02

Hapo kwa bima wacha nisaidie kwa sababu wiki hii nimepigiwa simu na watu wengi wanalia.

Bima ya kawaida ya moto na wizi wa kuvunja, ile watu wengi wanauziwa, ukiisoma vizuri ile karatasi ndogo ndogo utapata ghasia za kisiasa zimetolewa. Kuna kava tofauti, ya machafuko ya kisiasa na ugaidi, inaongezwa juu ya ile yako na unalipia kando. Wengi waliichukua baada ya fujo za uchaguzi halafu miaka ikipita wanaiacha kupunguza gharama. Kwa hivyo swali si "kuna mtu amelipwa", swali ni umekata gani. Na usidhani utaikata Jumamosi ikulinde Jumatatu, kampuni inaweza kukataa ama ikuwekee siku za kungoja, uliza na upate jibu kwa maandishi.

Kwa yule jirani wa spika kama ana kava hiyo: apate nambari ya OB kituo cha polisi, apige picha kabla hajafagia (kama amefagia basi picha za keateka au CCTV ya jengo), aripoti kwa kampuni haraka, na alete ushahidi wa stoki. Hapo ndipo watu wetu huanguka. Mtu anakwambia nilikuwa na mali ya milioni mbili, unamuuliza risiti ziko wapi anakwambia nilinunua kwa rafiki. Hizi risiti za kodi za eTIMS za KRA mnazichukia lakini siku kama hii ndio karatasi ya kwanza utaulizwa. Hata wewe Kava leo jioni piga video ya rafu zote, sema tarehe kwa sauti, jitumie kwa barua pepe.

Sina kampuni ninayouza hapa, msiniandikie inbox.

---

Binti_Kariakoo – Ijumaa, 14:37

Jamani majirani poleni sana. Mimi ni wa Dar, nauza vitenge Kariakoo, huwa napita humu kusoma tu ila leo imenibidi niandike.

Sisi kwetu ilikuwa kinyume, walioandamana kwa kufunga ni sisi wenyewe wenye maduka. Mei 2023 tuligoma siku tatu kwa ajili ya kamatakamata ya TRA na mambo ya kusajili stoo, mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaja kukaa na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Halafu tena 24 Juni 2024, siku moja tu kabla nyie hamjaingia bungeni kwenu, nakumbuka nilikuwa nyumbani nimefunga duka naangalia habari zenu kesho yake nikasema ehee kumbe sisi tumegoma kwa upole. Kariakoo nzima kimya, milango ya chuma imeteremshwa, mpaka unasikia kunguru. Siku hizo mwenye duka akifungua anaonekana msaliti, kwenu naona akifunga anaonekana msaliti. Sasa mfanyabiashara afanye nini?

Ninachotaka kusema kaka yangu, sisi tulikuwa na jambo moja ambalo silioni kwenye maelezo yako, tulikubaliana. Mtaa mzima. Hakuna anayefungua peke yake wala anayefunga peke yake. Hao wanne mlio kwenye chumba kimoja, pamoja na huyo wa chini aliyeibiwa, mmekaa mkaongea? Maana duka moja lililo wazi kwenye jengo lililofungwa ndilo linalovutia macho, na duka moja lililofungwa bila mtu kwenye jengo lililo wazi nalo ni hivyo hivyo. Kaeni hata dakika kumi kwenye ngazi.

---

Rola_Shata – Ijumaa, 14:59

@Binti_Kariakoo dada umesema. Hapa tao tunajuana kwa kelele tu, mimi jirani yangu wa ukuta wa kushoto namjua kikohozi na sijui jina.

---

Konda_45 – Jumapili 6 Julai, 19:28

Wenye maduka sikieni. Mnajadili mfungue ama mfunge na hamjauliza mtafika na nini. Mimi ni konda wa Githurai, saa hii mdosi ametupigia simu amesema gari isitoke kesho, ana mkopo wa hiyo gari na hakuna kioo kitapona akiileta Ronald Ngala. Na wenzetu wa laini zingine wamesema hivyo hivyo. Makarao nao wameanza kuonekana Thika Road jioni hii na magari yao. Kama uko Kahawa ama Githurai ama Roysambu jipange na miguu. Naskia watu wa basi za mbali ndio wataumia, wale wanasafiri usiku wa leo kutoka Kisumu na Mombasa wakidhani wataingia tao alfajiri.

---

Kava_na_Chaja – Jumapili, 20:10

Tulikaa kwa ngazi jana, sisi wanne na jamaa wa spika na mama wa cherehani wa ghorofa ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza. Tumekubaliana tunafungua nusu mpaka saa tano halafu wote tunatoka pamoja, funguo ya mlango wa nyuma iko kwa mama wa cherehani juu ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kupoteza kitu. Vitu vya wateja nimeshatoa vyote. Mzee nimekusikia. Video nimepiga. Nitawaambia vile itaenda.

---

Kava_na_Chaja – Jumanne 8 Julai, 21:46

Narudi kama nilivyoahidi, ingawa sina ya kusema vile nilivyofikiria.

Sikufika. Hatukufika wote. Niliamka saa kumi usiku, nikapata gari moja ya jamaa aliyekuwa anajaribu bahati, tukashushwa Roysambu hatujamaliza hata dakika kumi, polisi wamefunga barabara, hakuna gari inapita kuelekea tao. Basi za mbali zimepanga foleni, watu wanashuka na mizigo, kuna mama alikuwa na kuku kwenye kikapu na mtoto mgongoni anauliza kila mtu "mji uko wapi". Nikaanza kutembea na wengine. Kufika Muthaiga tukarudishwa. Nikaonyesha askari mmoja funguo za duka, nikamwambia mimi ni mfanyabiashara naenda kufungua, akaniambia tao imefungwa rudi nyumbani. Kwa hivyo wasee lile swali langu la kufungua ama kufunga, siku nzima tulilijadili, aliyelijibu ni serikali. Walifunga mji wote. Picha nimeziona nyinyi pia mmeziona, Kenyatta Avenue tupu kama Jumapili ya zamani, seng'enge zile za wembe karibu na bunge.

Fujo ikahamia mitaani basi. Huku kwetu Githurai gesi iliingia mpaka ndani ya ploti, nilifanya vile Nasi alisema, maji, bila vaselini, tulikuwa na watoto wa jirani sita kwa chumba changu na mlango wa nyuma wazi. Leo KNCHR imesema waliokufa ni 31. Tena kuna yule mtoto wa miaka 12 Kiambu, risasi imempata akiwa nyumbani. Nyumbani jamani. Siku nzima nilikuwa nahesabu chaja.

@Mtoto_wa_Rongai kama unasoma, andika tu uko salama. Nilikuongelesha vibaya ile siku.

Duka liko sawa. Leo tumefungua kawaida, mama wa cherehani alifungua mlango wa nyuma saa kumi na mbili unusu na funguo yake. Jamaa wa spika ameanza upya, nimempa chaja kumi na mbili na kava za kuuza kwa mkopo ameziweka pale palipokuwa na spika, zinaonekana chache sana kwa hiyo rafu kubwa.

---

Mtoto_wa_Rongai – Jumanne, 22:30

Niko. Mguu umevimba lakini niko. Sikuwa nimekasirika. Na ndio, naishi kwa mzazi.

---

Nasi_wa_Zamu – Jumanne, 22:41

Uvimbe wa nini? Risasi ya mpira ama ulianguka? Ukiweza kukanyaga ni sawa, ukishindwa kukanyaga usiku huu nenda hospitali usingoje kesho. Nijibu.

---

Mtoto_wa_Rongai – Jumanne, 22:44

Niliruka ukuta. Nakanyaga.

---

Rola_Shata – Jumanne, 22:58

Kava, na mwenye jengo amesema nini? Mimi wangu kimya.

---

Kava_na_Chaja – Jumanne, 23:03

Meseji iliingia jana saa mbili asubuhi nikiwa Muthaiga nimesimama mbele ya askari. Nilidhani ni mtu ananiuliza kama niko salama.

Ilikuwa ya kodi. Ameongeza faini ya kuchelewa siku mbili.